Jahazi la Fumbo: Jinsi ya Kujenga Chombo Kinachofunguka kwa Taratibu za Baharini

Wajenzi wengi wa mafumbo ya mbao huanza na kufuli, kisha hulivika umbo. Hubuni kibanzi kinachoteleza huku na pini inayoanguka kule, na mwisho kabisa hubandika tanga juu ili kitu kiitwe meli. Fumbo la namna hiyo hufunguliwa na yeyote mwenye subira ya kubonyeza kila mahali. Hapa tutakwenda kinyume. Tutajenga jahazi kwanza, na kila kizuizi kitatokana na jambo ambalo jahazi hulipata kweli: hulala ubavu maji yakipwa, hung'olewa mlingoti, hushuliwa, huvuliwa usukani, hupakiwa shehena. Aliyekulia Lamu, Nungwi au Pangani anapaswa kulifungua kabla ya fundi wa makufuli. Asipoweza, mjenzi ndiye aliyekosea.

Shika mtambo wote kichwani kabla ya kushika msumeno. Jahazi lina urefu wa sentimita 42, upana wa sentimita 13 na kimo cha sentimita 10 bila kuhesabu mkuku. Katikati kuna ngama, yaani shimo la mraba lenye sentimita 6 kila upande na kina cha sentimita 6. Ngama imefunikwa na sitaha inayoteleza kwenda nyuma, kama kifuniko cha kasha la dhumna. Vitu viwili vinaizuia sitaha hiyo. Mlingoti umeipenya na kuzama mwilini mwa chombo, na kule nyuma kichwa cha usukani kimesimama kuziba njia yake. Usukani nao hauinuki, kwa sababu ncha ya kana yake, yaani mkono wa kuugeuzia, imechomekwa kwenye kigogo kidogo kilichogundishwa juu ya sitaha. Na mlingoti hauchomoki, kwa sababu ndani ya ubavu kuna pini ya chuma iliyouingia kwa mshazari.

Anayefungua huanza kwa kuvua kitanzi cha kamba ya demani, ile inayoshikiza tanga kwa nyuma. Kisha hulilaza jahazi kwa upande wa demani, ule ambao tanga linaning'inia. Pini inarudi nyuma kwa uzito wake na mlingoti unatoka. Hapo kila mtu huvuta sitaha kwenda nyuma, nayo hugoma, maana usukani bado uko. Hatua inayotakiwa ni kuisukuma mbele, kuelekea omo, kwa milimita 10 tu. Kigogo kinaiachia kana, usukani unainuliwa, na sitaha inateleza nyuma hadi nje. Ngama i wazi.

Lakini kufungua ni nusu ya kazi. Shehena iliyomo ni vipande tisa ambavyo vikishamwagwa mezani havirudi ndani hivi hivi. Visipopangwa sawasawa, kimoja kitachomoza juu, sitaha haitafunga, tundu la mlingoti halitakaa mahali pake, na mlingoti hautasimama. Chombo kilichopakiwa vibaya hakisafiri.

Mbao na zana

Ubao mmoja wa inchi moja kwa sita, futi 12, unatosha. Mpe fundi mwenye mashine ya randa akurandie kipande cha mita 2.3 hivi kifikie unene wa milimita 20, na kilichobaki kifikie milimita 10. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, chukua mninga. Sifa yake kubwa kwa kazi hii si rangi, ni kwamba hautanuki wala kusinyaa sana majira yakibadilika, na fumbo linaloteleza huharibiwa na unyevu kuliko kitu kingine chochote. Mkangazi unachongeka kwa raha zaidi. Mtiki unafaa, ila una mafuta yake, kwa hiyo pangusa sehemu za kugundishwa kwa spiriti kwanza, la sivyo gundi itabanduka. Mvule ni mti wa heshima katika ufundi wa vyombo, lakini vumbi lake linawasha pua na koo, basi funga kitambaa usoni. Mbao za paini na saipresi ni rahisi bei na zinafaa kwa jaribio la kwanza, ingawa kingo zake humomonyoka baada ya kufunguliwa mara nyingi.

Tafuta pia vipande vidogo vya mpingo kwa ajili ya kana na vyango. Kwa wachongaji vinyago hutupwa kama takataka. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, haukwaruziki ovyo, na ukisuguliwa hung'aa bila kupakwa chochote. Mlingoti unaweza kutoka kwenye mpini wa ufagio uliopunguzwa hadi unene wa milimita 16, mradi umenyooka.

Zana ni za kawaida: msumeno, msumeno mwembamba wa kukatia mviringo, randa ndogo, patasi mbili, tupa, guni, drili na biti zake, msasa wa namba tatu tofauti, gundi nyeupe ya mbao. Kama huna jiriwa za kutosha, kata mikanda kutoka kwenye tyubu kuukuu la baiskeli. Ukiizungusha kwa kuivuta, hubana mwili wa chombo pande zote kwa usawa kuliko chuma.

Baada ya kununua ubao, uache ndani ya nyumba wiki kadhaa kabla ya kuukata. Mbao za mabandani mara nyingi bado zina maji. Na kama jahazi litakwenda kuishi kwingine, fikiria hali ya hewa ya huko: lililotengenezwa Mombasa likapelekwa Dodoma litalegea, lililotengenezwa Dodoma likapelekwa Unguja wakati wa masika litakaza.

Mwili wa chombo

Hatutajenga kwa mataruma na mbao za ubavu kama wanavyofanya mafundi wa vyombo wa Matondoni, Lamu. Njia hiyo ni nzuri kwa macho, lakini huacha kuta nyembamba zisizoweza kubeba mtambo. Tutapanga matabaka ya mbao, moja juu ya jingine, kisha tuchonge.

Chora kwanza umbo la jahazi likitazamwa kutoka juu: pana katikati, limechongoka mbele, limekatwa bapa nyuma. Ubapa huo wa nyuma ndio unaolifanya jahazi lifae kuliko dau lililochongoka pande zote mbili, kwa kuwa sitaha inahitaji mlango wa kutokea. Tabaka nne za kwanza ni za milimita 20. La chini lina upana wa milimita 90 pale palipo papana zaidi, la pili 108, la tatu 120, la nne 128. Urefu unaongezeka kwa mpango huo huo: 330, 370, 400, 415. Juu yake kuna mawili membamba ya milimita 10, yote yakiwa na urefu wa 420 na upana wa 130. Kwa nyuma yalingane yote, na tofauti zote za urefu zitokee mbele, ndiyo maana omo litatoka limeinama lenyewe. Shetri, yaani ule ubapa wa nyuma, ya jahazi halisi huinama kidogo pia; yako iwe wima kabisa, kwa sababu usukani utapaswa kuinuliwa moja kwa moja. Upana wa shetri kwenye matabaka ya juu usipungue milimita 105.

Kabla ya kugundisha, kata ngama katika tabaka la pili, la tatu na la nne: mraba wa milimita 60, unaoanzia milimita 150 kutoka nyuma. Yabane matatu pamoja, uyatoboe kona na uyakate kwa mara moja ili kuta zisipishane. Sehemu nyingine zote ziache zikiwa nzito, maana pini na mlingoti vitaishi humo.

Gundisha tabaka nne za chini na uziache zikauke usiku kucha. Kisha toboa tundu la mlingoti, milimita 245 kutoka nyuma, katikati kabisa, kwa biti ya milimita 16, kwenda chini milimita 55. Mlingoti wa jahazi huinamia mbele, na baharia atakuuliza kwa nini wako umesimama wima. Mwambie ukweli: ukiinama, tundu la sitaha litalazimika kuwa refu, na sitaha itapata nafasi ya kuchezacheza kabla ya wakati. Hapa fumbo limeishinda sura, na ni mahali pachache sana ambapo ningekubali hivyo. Sugua mlingoti kwa msasa mpaka uingie na kutoka bila kusukumwa wala kutikisika.

Sasa yale matabaka mawili membamba, ambayo yanakuepusha na kazi ngumu ya kuchimba mifereji kwa mkono. La kwanza likate uwazi wenye upana wa milimita 80, kuanzia nyuma kabisa kwenda mbele milimita 285. La pili likate uwazi wenye upana wa milimita 66 na urefu wa milimita 265. Likikaa juu ya la kwanza, kingo zake zitaning'inia milimita 7 kila upande, na hapo mfereji umejitengeneza. Mbele, litafunika ile nafasi ya ziada ya milimita 10 ambayo sitaha itaisogelea kwa siri. Asiyejua ataona mwisho wa sitaha umepotea chini ya ubao wa omo na hatakuwa na sababu ya kushuku.

Sitaha ina urefu wa milimita 275, upana wa 79 na unene wa 9.5, nyuzi za mti zikienda kwa urefu. Mti hutanuka kwa upana wake, kwa hiyo ile milimita moja ya nafasi ndiyo akiba ya masika. Ukijenga wakati wa mvua, unaweza kupunguza. Ukijenga kiangazi kikali, ongeza kidogo.

Gundisha tabaka la kwanza jembamba, pangusa gundi yote iliyochuruzika ndani, kisha isugue sitaha kwa nta ya mshumaa pande zote na uiweke mahali pake. Gundisha la pili juu. Baada ya dakika kumi hivi, isogeze sitaha mbele na nyuma ili kama kuna gundi imeingia mferejini isipate nafasi ya kushika. Sitaha ikiwa imelingana na shetri, weka alama ya kitovu cha tundu la mlingoti, uitoe, uitoboe kwa biti ya milimita 17.

Kuchonga ni raha tupu. Ngazi za matabaka zinaonyesha zenyewe mahali pa kufika: randa na tupa vikifika kwenye kona ya ndani ya kila ngazi, simama. Ukipita hapo ubavuni mwa ngama utajikuta umetoboa ukuta. Ukimaliza, gundisha mkuku wa milimita 10 kwa chini, na mbele uupandishe mpaka juu ya omo.

Pini

Hii ndiyo sehemu ya kufanyia majaribio kwenye kipande cha ubao kibovu kabla ya kugusa chombo. Pini ni msumari wa inchi 4 uliokatwa, ubaki kichwa na shina la milimita 17. Sugua ncha yake na kingo za kichwa mpaka zisikwaruze kitu. Andaa biti mbili: moja ipitishe shina kwa ulaini bila kupitisha kichwa, nyingine ipitishe kichwa.

Njia ya pini inaanzia nje, kwenye ubavu wa kushoto, karibu sentimita 2.5 chini ya ukingo wa juu wa chombo, usawa wa mlingoti, na inashuka ndani kwa nyuzi 30 kuelekea mlingoti. Kata kabari ya nyuzi 30 kutoka kwenye ubao, ulilaze jahazi kwa namna ambayo drili yako itasimama wima wakati tundu linaingia kwa mshazari. Toboa kwa biti nene, lakini uishie milimita 8 kabla ya kufikia tundu la mlingoti. Pima kwa makini na ufunge utepe kwenye biti uwe alama ya kina. Kisha toboa kwa biti nyembamba sehemu iliyobaki.

Ingiza mlingoti, ugeuze uelekee kama utakavyokaa ukiwa na tanga, na bila kuusogeza, ipitishe tena biti nyembamba mpaka iuchimbe mlingoti wenyewe milimita 8. Kwa kuwa tundu la ubavu ndilo limeiongoza biti, matundu mawili hayawezi kupishana. Wanaojaribu kulitoboa tundu la mlingoti peke yake mezani huishia kulipanua mara tatu.

Piga unga wa risasi ya penseli ndani ya njia yote, tumbukiza pini kwa ncha, kisha ziba nje kwa chango cha mpingo chenye urefu wa karibu sentimita 4. Kifupishe kidogo kidogo mpaka pini ibakiwe na mwendo wa milimita 12. Ikiwa na mwendo mdogo mno haitauachia mlingoti, na ikiwa na mwendo mkubwa itachomoka katika njia nyembamba na kushindwa kurudi. Usikigundishe chango hicho. Kipake nta na ukigonge taratibu, kwa sababu siku ikitokea pini imeshika kutu hutaki kulivunja jahazi. Ili kisijulikane, toboa matundu mafupi kwa mstari mmoja kwenye pande zote mbili za chombo, uyajaze vyango vya mpingo vinavyofanana nacho, hivyo ukivigundisha. Vitaonekana kama pambo la ubavuni.

Sasa jaribu. Jahazi likiwa wima, pini inateleza yenyewe na kuingia mlingotini. Vuta: hautoki, wala haugeuki. Lilaze kushoto juu ya kiganja, utasikia mgoto mdogo. Vuta tena. Kwa nini isiwe sumaku, ambayo wengi huikimbilia? Kwa sababu sumaku haimwambii mchezaji lolote kuhusu jahazi. Mtu aliyewahi kuona chombo kimelala mchangani wakati wa maji kupwa, mafundi wakikipiga kalafati, amekwisha kuona jibu.

Mgoto huo ni dalili ya haki. Usijaribu kuunyamazisha.

Usukani, kana na tanga

Chonga usukani kutoka ubao wa milimita 10, uanzie chini usawa wa mkuku na upande mpaka sentimita 2.5 juu ya ukingo wa chombo. Kwenye ubapa wa shetri kaza pete mbili za skrubu, moja juu ya nyingine. Kwenye usukani choma pini mbili za waya mgumu zilizokunjwa, ncha zikielekea chini, zikiingia katika pete hizo kiasi cha milimita 12. Usukani utaning'inia kama wa kweli, na utatoka kwa kuinuliwa tu.

Kana ni kijiti cha mpingo cha milimita 6, kinapenya kichwa cha usukani na kugundishwa humo, kikielekea mbele. Kigogo kitakachoipokea kina milimita 15 kwa 15 na kimo cha 25, na tundu la milimita 7 upande unaotazama nyuma. Kwanza usigundishe kitu. Weka sitaha ilingane na shetri, ning'iniza usukani, chomeka kana ndani ya tundu milimita 7 kamili, ndipo uweke alama ya mahali pa kigogo. Sitaha ina mwendo wa milimita 10 kwenda mbele, kwa hiyo kana itabakiwa na nafasi ya milimita 3 ya kupita inapoinuka. Nafasi hiyo ni ndogo lakini inatosha kama kazi ya kuweka alama imefanyika vizuri.

Kwa mpango huu usukani haugeuki kulia wala kushoto. Mtazamaji wa kawaida atadhani umegundishwa. Mwenye kujua vyombo atajiuliza usukani gani huu usiogeuka, atafuata kana kwa jicho mpaka kwenye kigogo, na kutoka hapo ana nusu ya jibu.

Tanga lishone kwa kitambaa cha merikani, pembetatu, na ulichovye kwenye chai ya rangi iliyokolea ili weupe wa dukani uondoke. Foromali, yaani mti unaobeba tanga, iwe ndefu karibu sawa na chombo, nene katikati na nyembamba kwenye ncha. Ifunge kwa mlingoti upande wa kushoto na usiifanye iweze kushuka: henza ya uzi, kamba ya kuipandishia na kuishushia, itakatika mwezi wa kwanza. Mlingoti, foromali na tanga vitoke kama kitu kimoja. Kamba ya demani iishie kwa kitanzi kinachovikwa kwenye chango kidogo nyuma, basi.

Kuhusu kamba nina msimamo: katika fumbo la jahazi ziwe pambo. Hulegea, huchakaa, na mchezaji asiye na subira huzikata. Kama moyo wako uko kwenye mtepe, kile chombo cha kale cha visiwa vya Lamu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari, hapo fumbo la kamba lingekuwa halali, lakini hilo ni jahazi jingine na mwongozo mwingine.

Shehena

Vipande tisa: sita bapa, vitatu vidogo. Randa ubao wako ushuke kutoka milimita 20 hadi 19.5. Vile vidogo ni mchemraba wa 19.5 kila upande. Vile bapa vina unene huo huo, na 39 kwa 39 upande mwingine. Vikikaa sawasawa vinakuwa mchemraba mmoja wa milimita 58.5, na ngama ya 60 inavimeza vyote. Kata kwa kutumia kizuizi kimoja kilichofungwa kwenye meza, usipime kila kipande upya, maana kosa la nusu milimita likijirudia mara tatu linakula nafasi yote uliyonayo.

Fumbo hili la kupanga linajulikana kwa majina ya Jan Slothouber na William Graatsma, wasanifu majengo wa Uholanzi. Ukiacha kugeuza na kupindua, lina jibu moja tu. Uzuri wake ni kwamba unaweza kulifikia kwa hesabu ya kichwa. Chukua safu yoyote ya ngama, iwe ya kulala au ya kusimama: ina nafasi tisa. Kipande bapa kikipita katika safu hiyo huchukua nafasi nne au mbili, kamwe si moja wala tatu. Tisa ni witiri, kwa hiyo kila safu lazima iwe na angalau kipande kidogo kimoja. Safu ziko tatu kwa urefu, tatu kwa upana, tatu kwa kimo, na vipande vidogo viko vitatu tu. Basi viwili haviwezi kukaa safu moja kwa upande wowote. Vinajipanga kwa mshazari, kutoka kona ya chini ya ngama, kupitia kitovu, hadi kona ya juu iliyo mkabala. Vile bapa hujaza vilivyobaki, karibu kwa kujiendea.

Wengi hufanya kinyume. Huanza na mizigo mikubwa, wakabakiza midogo ya kuzibia mianya, kama tufanyavyo sote tunapofunga sanduku la safari. Kwa sababu hiyo usipake vipande rangi zinazoonyesha mahali pake. Ukitaka vipendeze, vipe sura ya shehena: bapa vizungushie alama za kamba kama marobota, vidogo vikwaruzie misumari ya makasha. Shehena iliyo ngumu zaidi, ya mchemraba wenye sehemu tano kila upande, inaingia ngama hiyo hiyo kwa kipimo cha milimita 11.8 kwa kila sehemu. Ni kazi ya mwanahisabati John Conway: vipande kumi na vitatu vya moja kwa mbili kwa nne, kimoja cha mbili kwa mbili kwa mbili, kimoja cha moja kwa mbili kwa mbili, na vitatu vya moja kwa moja kwa tatu. Usimpe mtu seti hiyo kama humpendi.

Kumalizia

Nje paka mafuta ya kitani, tabaka mbili nyembamba, ukipangusa kinachobaki. Sifa, yaani mafuta ya samaki, ndiyo desturi ya vyombo vya kweli, ila nyumbani mwako harufu yake itakufukuza. Vanishi inaruhusiwa nje tu. Ndani ya mfereji, kwenye kingo za sitaha, katika tundu la mlingoti na kwenye vipande vya shehena, usiipake hata tone, kwani siku za joto hunata. Huko tumia nta ya mshumaa peke yake, na uirudie kila mwaka.

Mafundi wa Hakone, Japani, wanaojulikana kwa visanduku vya siri vinavyofunguka kwa kutelezesha vibao kwa mpangilio maalumu, hulazimika kuficha mistari ya viungo ndani ya nakshi za mbao za rangi nyingi. Wewe una bahati. Chombo cha mbao kimejaa mistari kwa asili yake, kwa hiyo usihangaike kuziba kila ufa. Chora mistari ya uongo kwa ncha ya kisu, sambamba na ile ya kweli, ubavuni na juu ya ubao wa omo. Mstari wa kweli hupotea kati ya ndugu zake.

Unapomkabidhi mtu, mpe jahazi likiwa limefungwa, shehena ndani, mlingoti umesimama, kitanzi cha demani kimevikwa. Mwambie jambo moja tu, kwamba hakuna hatua inayohitaji nguvu. Sentensi hiyo ndiyo inayookoa pete za usukani. Kama kuna watoto wadogo nyumbani, vile vipande vitatu vidogo vya shehena visiachwe mezani. Na kama masika yameingia na mlingoti umegoma hata jahazi likiwa limelala ubavu, ligonge taratibu kwa kiganja upande wa juu. Likikataa, hesabu vyango vya ubavu wa kushoto, kitafute kile kisicho na gundi, ukizungushe kwa koleo na kukivuta. Pini itatoka nyuma yake, utaifuta kutu, utaongeza unga wa penseli, na utairudisha.